Mteja karudisha kanvasi: "Nzuri, lakini siyo niliyoiona." Mokapu zetu zina kasoro gani?

#1 Brashi Kavu
Habari wakuu. Niende moja kwa moja.

Nachora kwa akriliki kwenye kanvasi na kazi zangu nauza mtandaoni. Mwezi uliopita niliuza moja ya sentimita 60 kwa 90, ya kulala. Mnunuzi aliiona kwenye mokapu, yaani picha ya chumba cha mfano unamowekwa mchoro: sebule, kochi la watu watatu, ukuta mweupe, kazi yangu juu ya kochi. Ilipomfikia akaikagua, akairudisha. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Nzuri, lakini siyo niliyoiona." Nikamuuliza tofauti ni ipi. Akataja mbili: ni ndogo, na ile bluu ya juu imekuwa kali.

Sikumdanganya. Mchoro ni uleule, nimeupiga picha mwenyewe, na vipimo niliviandika chini ya picha. Lakini nimeitazama ile mokapu siku nzima na sasa hata mimi naona kuna kitu hakijakaa. Kanvasi inaelea, kama imebandikwa kwenye kioo mbele ya chumba badala ya kutundikwa ukutani.

Mokapu yenyewe ni ya kupakua, faili la PSD, lile la Photoshop lenye leya, yaani tabaka za picha zilizolazwa moja juu ya nyingine. Unabofya leya mara mbili, unaweka kazi yako, unahifadhi, basi. Natumia Photopea, programu ya kuhariri picha, kwenye kivinjari. Picha nzima ina upana wa pikseli 1,200. Kochi linachukua kama 620, kanvasi yangu 400. Nimeambatisha.

Wenye uzoefu, kosa liko wapi?

#2 Kivuli Laini
Nimeifungua. Kosa ni kivuli.

Dirisha liko kushoto. Kochi na taa ya kusimama vyote vinaangusha kivuli kulia. Kanvasi yako ina kivuli pande zote nne sawasawa, kama imezungushiwa moshi. Mtu hawezi kukueleza kwa nini haamini, ila haamini.

Kanvasi yenye kina cha sentimita 4 ikipigwa na mwanga wa kushoto inakuwa na kivuli cha aina mbili upande wa kulia. Kuna mstari mwembamba mweusi pale mbao inapogusa ukuta, halafu kuna kile kipana kinachofifia kadiri kinavyoondoka. Dirisha kubwa linatoa kivuli laini, balbu ndogo inatoa chenye makali. Viweke kwenye leya mbili tofauti, usitegemee kile kivuli cha programu cha kuwasha na kuzima. Na usikipake weusi mtupu. Chukua rangi ya ukuta wenyewe, iteremshe hadi iwe nzito.

#3 Fundi Fremu
Kivuli Laini, unachosema ni kweli, ila kivuli kibaya kinaifanya kanvasi ielee tu. Hakimfanyi mtu airudishe. Mnunuzi kasema ni ndogo. Tumsikilize.

Brashi Kavu, kochi la watu watatu kwa kawaida lina upana wa kati ya sentimita 200 na 220. Tuchukue 210. Lako ni pikseli 620, kwa hiyo kila sentimita ni pikseli 2.95. Kanvasi ya sentimita 90 ilitakiwa iwe pikseli 266. Wewe umeweka 400, yaani umemwonyesha kanvasi ya sentimita 135.

Vipimo ulivyoandika chini havikusaidii. Mtu ananunua kwa jicho, tarakimu anazisoma baadaye.

#4 Brashi Kavu
Sentimita 135? Lakini sikugusa ukubwa! Niliweka kazi kwenye leya yao, ikajaa yenyewe.

#5 Fundi Fremu
Ndiyo shida yenyewe. Aliyetengeneza lile faili alichora kanvasi ya ukubwa uliompendeza, na leya haijui kazi yako ni sentimita ngapi. Hizi smati objekti, leya za kubofya na kuweka kazi yako ndani, zilikuja na Photoshop CS2 mwaka 2005, na tangu hapo kila mtu anabofya mara mbili na kuamini. Ukiweka kazi ya sentimita 30 itajaa palepale, ukiweka ya mita 2 itajaa palepale.

Na angalia uwiano pia. Kazi yako ni 2 kwa 3. Kama nafasi yao ni 3 kwa 4, ama umekatwa ama umevutwa. Niliwahi kupokea oda ya mtu aliyechora mwezi mpevu, na kwenye mokapu yake mwezi ulikuwa yai. Hakuwa ameona.

#6 Bi Mizani
Fundi Fremu, hesabu yako naiheshimu lakini ina tundu. Kochi haliko ukutani, liko mbele ya ukuta.

Tuseme kamera ilikuwa mita 4 kutoka ukutani. Sehemu ya mbele ya kochi iko kama sentimita 90 mbele ya ukuta, kwa hiyo iko mita 3.1 kutoka kwenye kamera. Kitu kilichopo pale kinaonekana kikubwa mara 1.29 kuliko kingekuwa ukutani. Ukigawanya ile 2.95 kwa 1.29 unapata pikseli 2.29 kwa sentimita. Kanvasi ya sentimita 90 inakuwa pikseli 206, siyo 266. Maana yake Brashi Kavu alimwonyesha mteja kanvasi ya karibu sentimita 175. Mara mbili kasoro kidogo.

Kipimo kichukuliwe kwenye kitu kilichopo ukutani penyewe. Fremu ya mlango kama mlango uko kwenye ukuta uleule, maana milango mingi ya ndani iko karibu na mita 2 kwa urefu. Au ubao wa chini ya ukuta. Au piga picha ukuta wako mwenyewe huku umebandika karatasi ya A4, urefu wake unajulikana dunia nzima: sentimita 29.7.

#7 Fundi Fremu
Tundu nalikubali, lakini umepimia mbele kabisa ya mikono ya kochi. Mimi nilipimia mgongo, na mgongo uko kama sentimita 20 tu kutoka ukutani. Hapo tofauti ni mara 1.05, na kanvasi inakuwa kama pikseli 253. Mimi nasimamia 250.

#8 Bi Mizani
Pikseli 620 za mleta mada ni mgongo au mikono? Tumuulize kwanza.

#9 Brashi Kavu
Nilipima kutoka ncha hadi ncha, pale kochi linapoonekana pana zaidi. Nadhani ni mikono kwa mbele.

#10 Bi Mizani
Basi.

#11 Jani la Pembeni
Ninyi mnapimana kochi, mimi ninalo langu. Hicho chumba nakijua! Kochi la kijivu, kapeti la mistari, mmea wa majani yenye matundu kwenye chungu cheupe. Nimeshakiona na kazi za watu wasiopungua kumi, na mmoja wao anaandika kwenye huu uzi, simtaji. Kivuli Laini, ule mmea ulimwagilie.

Lakini nasema kwa dhati: mnunuzi anayetafuta kanvasi anapita kurasa nyingi kwa siku. Akikiona chumba kilekile mara ya tatu anajua hakuna ukuta wowote. Baada ya hapo hata kipimo sahihi hakiamini.

#12 Kivuli Laini
Ni mimi, na nilishaacha. Sasa napiga picha kuta halisi za ndugu na marafiki, kwa ruhusa yao, asubuhi, taa zimezimwa. Ninazo kumi na nne. Kila moja nimeandika kwenye jina la faili umbali wa kamera na upana wa ukuta.

#13 Pikseli Tano
Naona suala la bluu limeachwa, na ndilo linaloniuma mimi.

Mokapu nyingi za aina hiyo zimetengenezwa hivi: kuna picha ya kanvasi tupu, halafu kazi yako inalazwa juu yake kwa modi ya kuzidisha ili vivuli na mikunjo vionekane. Kuzidisha ni hesabu: rangi yako mara rangi ya kanvasi tupu, gawanya kwa 255. Kama kanvasi tupu ingekuwa nyeupe kabisa, yaani 255 kwenye nyekundu, kijani na bluu, kazi yako isingeguswa. Lakini nimeifungua leya ya chini ya faili hilohilo na kuchukua sampuli katikati. Nimepata 230, 220, 200. Chumba kimepigwa mwanga wa joto, kanvasi ni krimu.

Sasa chukua bluu nzito, tuseme 40, 60, 170. Ukizidisha unapata 36, 52, 133. Nyekundu imepungua kidogo, bluu imepoteza zaidi ya sehemu moja kwa tano. Yaani mokapu imeituliza bluu yako. Mteja akapenda bluu iliyotulizwa, akaletewa ile halisi, akaona kali. Hakukosea hata kidogo.

Dawa: ipe leya ya kanvasi tupu rangi ya kijivu tu, ondoa krimu yote, ibaki nyepesi na nzito peke yake.

#14 Mzee wa Tapentaini
Kijana, hesabu ni safi, ila dawa siikubali. Ukiondoa joto kwenye kanvasi na kuliacha kwenye ukuta, umerudi kwenye stika ya bandiko #1. Kitu kimoja kiko mchana, chumba kizima kiko chini ya balbu.

Mambo ya macho hayajaisha kwenye hesabu. Ukikaa kwenye chumba chenye balbu ya njano, kelvini 2,700 kwa kipimo cha rangi ya mwanga, baada ya muda jicho linazoea na karatasi nyeupe unaiona nyeupe. Ukitazama picha ya chumba hichohicho kwenye simu, jicho limezoea mwanga wa pale ulipo wewe, siyo wa mle ndani ya picha, kwa hiyo unaona unjano wote. Ndiyo maana wapiga chapa wanalinganisha rangi chini ya mwanga wa kelvini 5,000 uliowekewa kiwango, hawabishani gizani.

Mimi naacha nusu. Joto la kanvasi napunguza nusu, la chumba nalo robo. Vinakutana.

Na kuna la pili. Ukuta wa pembeni unabadilisha rangi bila kuigusa. Chevreul, mkemia aliyesimamia upakaji rangi wa nyuzi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins huko Paris, aliletewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zimefubaa. Akazipima, akakuta nyeusi ni nzuri tu. Tatizo lilikuwa rangi zilizofumwa kando yake. Alichapisha matokeo yake mwaka 1839. Bluu juu ya ukuta mweupe na bluu juu ya ukuta wa njano ni bluu mbili kwa jicho, hata kama kopo ni moja.

#15 Pikseli Tano
Mzee, nusu yako unaipimaje?

#16 Mzee wa Tapentaini
Naweka mchoro halisi kando ya skrini, mchana, mbali na jua la moja kwa moja, natazama. Ndicho kipimo nilichonacho, na mpaka sasa hakuna mteja wangu aliyerudisha kazi kwa sababu ya rangi.

#17 Faili Jepesi
Mnaenda mbali. Ni profaili ya rangi tu, yale maelezo ndani ya faili yanayosema rangi zake zisomwe vipi. Kamera nyingi zinaruhusu kupiga kwa Adobe RGB, mfumo wa rangi mpana kuliko sRGB ya skrini. Ukihifadhi picha kwa wavuti na profaili ikaondolewa, kifaa cha mteja kinaisoma kama sRGB na rangi zote zinafubaa. sRGB ya mwaka 1998 ndiyo lugha ya skrini. Badilisha kuwa sRGB kwanza, ndipo uhifadhi. Usiishie kubandika jina jipya juu ya rangi zilezile.

#18 Bi Mizani
Hoja sahihi, mwaka umevuka mpaka. Adobe RGB ndiyo ya 1998, hata jina lake linasema. sRGB ilipendekezwa na HP na Microsoft mwaka 1996, ikawa kiwango cha kimataifa 1999.

Na kuna rangi ambazo hata ukifanya kila kitu sawa hazitoki kwenye sRGB. Zile za feruzi zilizokolea, kati ya bluu na kijani, zinaangukia nje yake. Ukiwa na kazi ya aina hiyo mwambie mnunuzi kwa maneno: kwa macho imekolea zaidi ya hapa. Mimi huandika hivyo, na watu wananishukuru.

#19 Faili Jepesi
Ahsante kwa sahihisho, nilizichanganya.

#20 Mchemraba
Kuna sisi tusiopakua PSD, tunajenga chumba kwenye Blender, programu ya 3D. Faida yake, kanvasi ina sentimita zake kamili, ukuta una zake, na kivuli kinajipiga chenyewe. Bandiko #2 mpaka #10 yote yanayeyuka.

Lakini rangi ilinitesa miezi. Kazi zangu zilitoka zimepauka, nikailaumu kamera, nikalaumu skrini. Kumbe Blender yenyewe inazitafsiri rangi kabla ya kukuonyesha. Kuanzia toleo la 2.80 tafsiri ya kuanzia ilikuwa Filmic, na kuanzia 4.0 ni AgX. Zote mbili zinalainisha mwanga mkali ili chumba kipendeze kama filamu, na kwenye kulainisha huko zinagusa na mchoro wako. Nikaweka Standard, bluu ikarudi.

#21 Kivuli Laini
Na dirisha je? Kwenye Standard dirisha langu linaungua jeupe lote.

#22 Mchemraba
Linaungua, kweli. Sasa natoa picha mbili: chumba kwa AgX kikiwa na kanvasi tupu, na kanvasi peke yake kwa Standard. Nakuja kuziunganisha mwishoni.

#23 Pikseli Tano
Unaziunganisha kwa modi gani?

#24 Mchemraba
Kuzidisha.

#25 Pikseli Tano
Karibu bandiko #13, ndugu yangu.

#26 Uzi na Sindano
Kwa maoni yangu kinachofanya kazi ionekane stika ni kukosa umbile. Kanvasi ina nyuzi. Weka leya ya nyuzi za kanvasi juu ya mchoro, kwa wepesi wa asilimia 30 hivi, utaona inavyokaa. Mimi naweka kwenye kila mokapu.

#27 Bi Mizani
Tafadhali usiweke kwenye picha ya chumba kizima. Fanya hesabu. Picha ya pikseli 2,000 inayoonyesha ukuta wa sentimita 350 inatoa pikseli 5.7 kwa kila sentimita. Kanvasi ya pamba kwa kawaida ina nyuzi kumi au zaidi kwenye sentimita moja. Pikseli moja inabeba karibu nyuzi mbili, kwa hiyo nyuzi haziwezi kuonekana, zinayeyuka kuwa rangi moja. Ukiziona, maana yake umezikuza. Uzi wenye unene wa pikseli 4 kwenye picha hiyo ni uzi wa milimita 7. Hiyo ni kamba. Mnunuzi haoni kamba, anaona kanvasi ndogo iliyopigwa picha kwa karibu, na kipimo chote ulichohangaikia kinavunjika.

Nyuzi ziweke kwenye picha ya karibu ya kona. Na hapo usizichore, piga picha kona halisi.

#28 Uzi na Sindano
Sikuwahi kulifikiria hivyo. Nimefungua mokapu yangu ya jana sasa hivi na nyuzi zake ni nene kuliko kamba ya pazia lililo kando yake. Naziondoa leo.

#29 Fundi Fremu
Kwa kuwa tumegusa kona, niseme la kwangu kama mtu wa kuwamba kanvasi.

Mchoraji aliniletea faili la kuchapa, 60 kwa 90 kamili, akitaka kanvasi ya kina cha sentimita 4 na picha igeuke mpaka pembeni. Kwenye mokapu yake picha yote ilikuwa mbele, na pembeni kulikuwa na rangi iliyotoka kusikojulikana. Kwenye kanvasi halisi pembeni hazitoki hewani. Ukitaka mbele ibaki 60 kwa 90 na picha igeuke, faili liwe angalau 68 kwa 98, na ya kukunja nyuma bado. Yeye hakuwa nayo. Sahihi yake ilikuwa sentimita 2 kutoka ukingo wa chini. Tulipowamba, sahihi ikapinda kona na kukaa chini ya kanvasi, inatazama sakafu. Alisimama pale akaigusa kwa kidole, hakusema neno. Tulichapa upya, tukaziacha pembeni nyeupe.

Tangu siku hiyo kabla ya kuchapa naomba nione mokapu ya pembeni. Siyo ya mbele, ya pembeni.

#30 Sahani ya Rangi
Swali la haraka: kwa nini msitumie akili mnemba? Unaipa mchoro, unaiambia "weka juu ya kochi", sekunde kadhaa umemaliza.

#31 Jani la Pembeni
Nilijaribu. Mchoro wangu una ndege saba juu ya waya. Uliporudi ukutani ulikuwa na ndege tisa, na wawili wao walikuwa wanatazama upande mwingine. Chumba kizuri mno, mwanga mzuri mno, mchoro siyo wangu. Haiutundiki mchoro wako, inauchora upya kwa kukisia. Kwa kazi za maumbo huru huenda usigundue, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu mnunuzi ataletewa kanvasi yenye mistari ambayo hakuiona.

Ninachofanya sasa: inichoree ukuta mtupu, kazi naitundika mwenyewe.

#32 Kivuli Laini
Hata hapo, ukuta wa kukisiwa una kochi la kukisiwa. Upana wake ni sentimita ngapi? Hajakaa mtu pale. Tunarudi bandiko #3.

#33 Ukuta Halisi
Nimesoma yote kwa utulivu. Msimamo wangu ni mmoja: acheni mokapu. Tundika kanvasi ukutani, piga picha, weka. Kila mnachokitengeneza hapa kwa leya tano, ukuta unakupa bure. Mwekee mnunuzi na picha yako umeishika kwa mikono miwili mbele ya kifua. Mikono haidanganyi ukubwa.

#34 Bi Mizani
Picha ya mikono naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini picha halisi nayo inadanganya ukiipiga vibaya. Kamera kuu za simu ni pana. Ukisogea karibu na kuinamisha simu, ukingo wa juu unavimba na wa chini unabana. Rudi nyuma, kuza kidogo, na simu iwe kwenye usawa wa katikati ya mchoro. Watu wengi wanatundika kazi katikati yake ikiwa kama sentimita 145 kutoka sakafuni, kwa hiyo kwa mtu mzima aliyesimama ni kuinama kidogo tu.

#35 Mzee wa Tapentaini
Na vanishi, Bi Mizani. Kazi ya vanishi ya kung'aa ukiipiga picha ukutani na dirisha limekutazama, unaona dirisha, huoni kazi. Mimi napiga kwa taa mbili, kila moja nyuzi 45 kutoka pembeni, chumba kimefungwa mapazia. Wenye uwezo wanaweka vichujio vya polaraizi kwenye taa na kwenye lenzi, mng'ao unakwisha kabisa.

#36 Ukuta Halisi
Sasa tofauti ya hiyo na mokapu ni nini? Umeshaondoka kwenye ukuta wa mteja.

#37 Mzee wa Tapentaini
Hiyo ndiyo picha ya kuingiza kwenye mokapu. Mokapu nzuri inaanzia hapo. Ukiingiza picha yenye mng'ao wa dirisha lako kwenye chumba chenye dirisha lingine, madirisha yanakuwa mawili.

#38 Nukta Nyeupe
Hakuna aliyetaja nyeupe, nashangaa. Brashi Kavu, wingu lako la kulia lina nyeupe ya 255. Ukuta wa kwenye picha, unaoitwa mweupe, nimeupima ni 215 upande huohuo. Rangi nyeupe ya mchoraji na rangi nyeupe ya ukuta zinarudisha mwanga kwa kiasi kinachokaribiana. Haiwezekani wingu likawa jeupe kuliko kila kitu chumbani. Linawaka kama televisheni iliyowashwa, ndiyo maana kanvasi inaelea. Ishushe nyeupe ya mchoro mpaka ikae jirani na ya ukuta, 220 hivi, na nyeusi iinue kidogo kama kazi haina vanishi ya kung'aa.

#39 Pikseli Tano
Subiri. Mimi nimesema kanvasi imelazwa kwa kuzidisha juu ya 230, 220, 200. Ingekuwaje wingu libaki 255?

#40 Nukta Nyeupe
Labda Photopea imeisoma modi tofauti, au kuna leya ya mng'ao juu. Mimi nimepima picha aliyoambatisha, siyo faili.

#41 Pikseli Tano
Nimeifungua tena. Ipo leya ya mng'ao juu, inaongeza mwanga upande wa kulia peke yake. Kushoto bluu inakufa, kulia wingu linawaka. Tuko sahihi wote wawili, kila mmoja kwenye nusu yake.

#42 Kivuli Laini
Na dirisha liko kushoto! Mng'ao umewekwa upande wa kivuli.

#43 Brashi Kavu
Wakuu, nimerudi. Nimekesha nayo.

Nimefuta leya ya mng'ao. Kanvasi nimeishusha hadi pikseli 210, nikimfuata Bi Mizani. Joto nimeacha nusu, ya Mzee. Vivuli viwili kulia. Mara ya kwanza nilipoiona nilisikitika, ilionekana ndogo na ya kawaida juu ya kochi kubwa. Nikaichukua kanvasi yenyewe nikaitundika juu ya kochi letu. Inafanana. Ni ndogo kweli.

Nimemtumia yule mnunuzi mokapu mpya nikamwomba radhi. Amejibu kwa upole, akanitumia picha aliyoipiga siku ile kabla hajairudisha, ameitundika kwake mchana. Kuhusu ukubwa anasema sasa naona, ndivyo ilivyokuwa. Lakini kwenye picha yake bluu inapiga kelele kuliko mokapu yoyote, kuliko hata mchoro wenyewe nikiutazama hapa. Ukuta wake ni wa njano iliyopauka.

#44 Mzee wa Tapentaini
Ukuta wa njano. Nilisema #14.

#45 Pikseli Tano
Mzee, jirani wa njano anabadilisha jicho, habadilishi namba. Brashi Kavu, pima pikseli za bluu kwenye picha yake. Kama namba zenyewe ziko juu, siyo jicho.

#46 Bi Mizani
Na namba zikiwa juu, bado hatujui ni mchoro au ni simu yake. Simu nyingi zinakoleza rangi zenyewe kabla ya kuhifadhi. Aliona kali kwa macho, au aliona kali kwenye picha aliyoipiga?

#47 Brashi Kavu
Nimepima: 31, 58, 196. Yangu ni ileile ya mfano wa #13: 40, 60, 170. Namuuliza hilo la macho. Na wakati nasubiri, nafungua faili nipake ukuta njano.